Kisu, Waya au Subira

Albert Einstein alikataa kupasuliwa. Ilikuwa Aprili 1955, katika hospitali ya Princeton nchini Marekani, na mshipa mkuu wa damu tumboni mwake ulikuwa umeanza kuvuja. Kwamba mshipa huo umevimba, madaktari walijua tangu zamani. Mwaka 1948 mpasuaji Rudolph Nissen alilifungua tumbo la mwanasayansi huyo na kuuzungushia uvimbe karatasi ya selofeni, kwa matumaini kwamba mwili ungejenga kovu gumu la kuushikilia. Ukatulia kwa zaidi ya miaka 6, kisha ukafumuka. Einstein akafariki tarehe 18, akiwa na umri wa miaka 76.

Mgonjwa wa aina yake leo angewekewa mezani njia tatu. Afunguliwe tumbo na kushonewa mshipa wa bandia. Au apitishiwe kutoka kwenye kinena mshipa huohuo wa bandia ukiwa umekunjwa, ukafunguke mahali penye uvimbe, tumbo lisiguswe. Au, kama uvimbe bado ni mdogo, aachwe na kupigwa picha kila baada ya muda. Mishipa ya ubongo nayo ina njia hizohizo, na ni huko kwenye ubongo ndiko madaktari wanakogombana zaidi.

Ugomvi wao umewekwa hapa kwa sauti tatu. Wenye sauti ni wa kubuni. Takwimu wanazorushiana si za kubuni. Wa kwanza ni mpasuaji wa ubongo aliyebakiza miaka michache astaafu, mtu wa darubini na klipu. Wa pili ni daktari wa radiolojia tiba, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye kazi yake yote hupita kwenye tundu la sindano. Wa tatu si daktari. Ni mama wa makamo ambaye mdogo wake alianguka na bodaboda, akapigwa picha za kichwa, na pamoja na kuambiwa kwamba fuvu ni zima akaambiwa ana kinundu cha milimita 5 kwenye mshipa wa mbele wa ubongo. Yeye ndiye ambaye ukoo utamuuliza kwa nini waliamua walivyoamua.

“Hicho kinundu ni kansa?” ndilo swali lake la kwanza.

“Hapana, dada,” anajibu daktari kijana. “Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochakaa, mpira wa ndani ukachomoza pale palipolika? Ndiyo hiyo aneurisimu. Ukuta wa ateri umedhoofu mahali pamoja, damu inasukuma, unatuna. Watu wengi wanazo na hawajui; kwa makadirio ni kama watu wazima 3 katika kila 100. Wengi watakufa kwa mambo mengine kabisa.”

“Na wasio wengi?”

Hapo anaingia mpasuaji. “Ikipasuka, damu inamwagika kuuzunguka ubongo. Mtu anapata maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyaona maishani, ya ghafla, yanafika kileleni mara moja. Karibu theluthi moja hawaponi. Na ikishavuja mara moja inaweza kuvuja tena, hasa katika saa 24 za mwanzo. Ndiyo maana tunakimbilia kuiziba.”

Namna ya kuiziba ndipo wawili hawa wanapoachana. Mpasuaji anaanza na mwaka 1937, Walter Dandy alipofungua fuvu la mgonjwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na kuibana shingo ya aneurisimu kwa klipu ndogo ya fedha. Damu ikakosa njia ya kuingia. Klipu za sasa ni za titani na wapasuaji wana darubini, lakini kanuni ni ileile ya Dandy: unakiona kinundu kwa macho, unakibana shingo, unafunga fuvu.

“Joe Biden alikuwa seneta mwaka 1988 aneurisimu yake ilipovuja,” anasema. “Walimfungua fuvu, wakambana. Baadaye mwaka uleule wakamfungua tena upande wa pili, kwa sababu alikuwa na nyingine. Miaka 33 ikapita, akaapishwa kuwa Rais wa Marekani. Msinitishe kwa kufungua fuvu.”

Kijana anacheka kwa heshima. “Mwalimu, mgonjwa mmoja si utafiti. Angekuwa ni huyo tu, hata selofeni ya Einstein ingekuwa dawa.”

Njia anayoitetea ina ukoo wake. Mwaka 1927 Egas Moniz, huko Lisbon, alionyesha kwamba mishipa ya ubongo inaweza kuonekana kwenye eksirei ikiwa damu itatiwa dawa inayozuia miale. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alibuni namna rahisi ya kuingiza katheta: sindano ndani ya ateri, waya ndani ya sindano, sindano inatolewa, katheta inateleza juu ya waya. Kisha huko Moscow, Fedor Serbinenko akaanza kupeleka vipulizo vidogo ndani ya mishipa ya ubongo na kuviacha humo. Ripoti yake ya mwaka 1974 iliwashtua wapasuaji wa Magharibi. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia alipowaona watoto na maputo yao kwenye sherehe za Mei Mosi. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, kipulizo kilikuwa na kasoro yake: kina umbo lake chenyewe, na aneurisimu hazifuati umbo la mtu.

Jibu lilitoka kwa Mwitaliano Guido Guglielmi, akiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Alitengeneza koili, yaani waya mwembamba na laini wa platinamu unaojikunja wenyewe ukifika ndani ya kinundu. Koili imeunganishwa na waya wa kuisukumia. Daktari akiridhika nayo, anapitisha umeme mdogo unaoyeyusha kiungo, koili inabaki, waya unatoka. Asiporidhika, anairudisha nyuma na kujaribu tena. Ndani ya kinundu kilichojaa platinamu damu husimama na kuganda. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1990, na mwaka 1995 mamlaka za Marekani zikairuhusu rasmi.

“Kwa hiyo mnaingilia wapi?” anauliza dada.

“Kwenye kinena, au siku hizi hata kwenye kifundo cha mkono. Tunapanda na mshipa mkuu, tunapita shingoni, tunafika. Macho yetu yako kwenye skrini muda wote. Akiamka ana kidonda cha kufunikwa kwa plasta.”

“Na nywele hazinyolewi?”

“Hazinyolewi. Ila kazi ikiwa ndefu, miale inaweza kumnyonyoa sehemu ya nywele baada ya wiki chache. Huwa zinarudi.”

Mpasuaji anatabasamu kama mtu aliyepewa pointi bila kuitafuta.

Silaha kubwa ya kijana ni utafiti uitwao ISAT, ulioongozwa kutoka Oxford na Andrew Molyneux na Richard Kerr. Wagonjwa 2,143 ambao aneurisimu zao zilikuwa zimeshapasuka waligawanywa kwa kura: hawa koili, hawa klipu. Usajili ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa imeshaonekana. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2002. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kushindwa kujitegemea walikuwa asilimia 23.7 upande wa koili na asilimia 30.6 upande wa klipu.

“Saba katika kila mia,” anasema. “Hizo ni familia saba ambazo mzazi wao anarudi anajua kula mwenyewe, Mwalimu.”

Mpasuaji hakatai hesabu. Anauliza waliohesabiwa ni nani. Ili kupata hao 2,143, watafiti walipitia wagonjwa 9,559. Waliobaki hawakuingizwa kwenye kura, wengi wao kwa kuwa madaktari walishaona njia moja inawafaa zaidi. Waliopigiwa kura walikuwa hasa watu wenye aneurisimu ndogo za mishipa ya mbele na hali nzuri walipofika. “Umeniletea robo isiyofika ya wagonjwa, kisha unataka niwahukumu wote.” Anaongeza la pili: wagonjwa wa Uingereza walipofuatiliwa hadi zaidi ya miaka 18, aneurisimu iliyotibiwa ilivuja tena, baada ya ule mwaka wa kwanza, kwa watu 13 wa koili na 4 wa klipu.

“Na waliokuwa hai baada ya miaka 10?” anauliza kijana.

“Asilimia 83 wa koili, 79 wa klipu.”

“Basi.”

Kwa aneurisimu iliyopasuka na inayoweza kutibiwa kwa njia zote mbili, mwenye haki hapa ni kijana, na kanuni za tiba za nchi nyingi zimemfuata. Hao 13 ni wachache kuliko waliookolewa mwanzoni. Hata hivyo mpasuaji hakushindwa. Amehamisha mjadala tu, kutoka siku ya upasuaji hadi miaka inayofuata. Huko ndiko mjadala wa Afrika Mashariki unakopaswa kuwa, na ndiko haujafika.

Klipu ikikaa vizuri, kwa kawaida kazi imekwisha. Koili huweza kusongwa na msukumo wa damu, shingo ya kinundu ikafunguka tena. Kwa hiyo mwenye koili huitwa kwa picha baada ya miezi michache, tena baada ya mwaka, tena baadaye, na baadhi huongezewa koili. Kuna kifaa kipya zaidi, neti ya chuma iitwayo Pipeline iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011, ambayo haijazi kinundu bali hulazwa ndani ya mshipa mzima na kuelekeza damu ipite bila kugeukia kando. Inatibu aneurisimu kubwa zilizokuwa zinawashinda wote wawili. Lakini chuma kipya ndani ya mshipa hugandisha damu, hivyo mgonjwa hunywa vidonge viwili vya kuzuia mgando, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, kwa miezi kadhaa bila kuruka.

Dada amekuwa kimya kwa muda. “Mdogo wangu yuko kijijini,” anasema. “Dawa za presha zenyewe anakunywa akijisikia vibaya, akipata nafuu anaacha. Akiishiwa hivyo vidonge vyenu?”

“Neti inaweza kuziba, apate kiharusi,” anakiri kijana.

“Akienda kung'oa jino, mng'oa jino akamwambia aviache?”

“Vilevile.”

“Na hiyo picha ya kila baada ya muda ni kwenye zahanati?”

Hakuna anayemjibu, kwa sababu jibu wote wanalijua. Tafiti nyingi za koili na neti zilifanyika mahali ambapo mgonjwa akikosa kliniki hupigiwa simu. Tundu la sindano linaonekana dogo. Deni lake ni refu, na hulipwa kwa nauli, vidonge na picha. Hii si hoja ya kurudi kwenye kisu. Ni hoja kwamba hospitali inayonunua mashine ya mishipa bila kupanga nani atamrudisha mgonjwa kwa picha ya miezi 6 imenunua nusu ya tiba.

Wala kisu na waya si maadui kama mjadala unavyowapanga. Mwigizaji wa Uingereza Emilia Clarke amesimulia hadharani kwamba alipovuja damu ubongoni mwaka 2011, akiwa na miaka 24, alitibiwa London kwa kupitia kinena. Alibaki na aneurisimu ya pili ya kuangaliwa. Mwaka 2013 huko New York iligundulika imekua, ikajaribiwa njia ileile, jaribio likashindikana, akavuja damu vibaya, na madaktari wakalazimika kufungua fuvu ili kumwokoa. Mtu mmoja, njia mbili. Kijana akitaja nusu ya kwanza ya habari hiyo, mpasuaji atataja ya pili. Linalosahaulika ni kwamba siku ile New York, kama jengo lisingekuwa na mpasuaji tayari, waya pekee usingetosha.

Kinachofuata kinawafanya mahasimu hawa wawe ndugu ghafla. Si aneurisimu bali fundo la mishipa: kasoro ambayo ateri hazipiti kwenye kapilari bali humwaga damu yenye nguvu moja kwa moja kwenye vena, na kutengeneza msokotano unaoweza kupasuka. Hatari ya kuvuja hukadiriwa kuwa asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka. Mpasuaji anaweza kulikata. Kijana anaweza kulijaza gundi kupitia katheta, ingawa mara nyingi gundi peke yake hailimalizi na hutumika kulipunguza kabla ya kisu au mionzi.

Utafiti wa kimataifa uitwao ARUBA uliuliza swali ambalo hakuna aliyelipenda: vipi kama fundo halijawahi kuvuja na hatufanyi kitu? Ulisimamishwa mwaka 2013 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 220. Walioguswa kwa njia yoyote, asilimia 30.7 walipata kiharusi au kufa. Walioachwa na kutibiwa dalili tu, asilimia 10.1.

“Utafiti mbaya,” anasema mpasuaji.

“Mbaya sana,” anasema kijana.

Wana sababu, na si za kujitetea tu. Ufuatiliaji ulikuwa wastani wa miaka isiyofika 3, wakati mgonjwa wa miaka 25 mwenye fundo ana miaka 50 mbele yake ya kulibeba. Waliofanyiwa upasuaji halisi walikuwa wachache, na mbinu zilichanganywa pamoja. Lakini madaktari wawili wanaopingana kwa kila kitu wakikubaliana haraka hivyo, msikilizaji ana ruhusa ya kushuku. Tofauti ya mara tatu haifutwi kwa kulalamikia muda. Kwa fundo ambalo halijavuja, anayetaka kuligusa ndiye mwenye mzigo wa kueleza.

Kuna mahali waya hauna mshindani kabisa. Watoto wachanga wengine huzaliwa na kasoro ya vena ya Galen, katikati ya ubongo, inayoufanya moyo usukume damu nyingi mno hadi uchoke. Kuwafungua fuvu kulikuwa karibu sawa na kuwaua; katheta ndiyo iliyobadilisha mambo. Machi 2023, mjini Boston, timu ya Darren Orbach ilikwenda mbali zaidi: sindano ilipita kwenye tumbo la mama mwenye ujauzito wa wiki 34, ikafika kwenye ubongo wa mtoto, na koili zikawekwa kabla hajazaliwa. Hata mpasuaji wetu hapa anavua kofia.

Ukirudi tumboni, kwenye ugonjwa wa Einstein, historia ni ileile kwa herufi kubwa. Juan Parodi alipitisha mshipa wa bandia kwa njia ya kinena huko Buenos Aires mwaka 1990. Nikolay Volodos wa Kharkiv alikuwa amelifanya jambo kama hilo kwenye mshipa wa kifuani mwaka 1987, dunia isisikie. Uingereza ikapima kwa utafiti wa EVAR 1, wagonjwa 1,252. Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 1.8 wa waya na 4.3 wa kisu. Ushindi wa wazi. Lakini wagonjwa walipofuatiliwa hadi miaka 15, faida ilikuwa imeyeyuka, na baada ya mwaka wa 8 waliopasuliwa ndio waliokuwa wanaishi zaidi, kwa sehemu kwa sababu kwa baadhi yao uvimbe uliozibwa ulikuja kupasuka. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu anahitaji waya. Mwenye miaka 60 na afya njema anapaswa kuambiwa habari yote, ikiwemo ya mwaka wa 8.

Afrika Mashariki haiko tena nje ya dirisha. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha wataalamu wa radiolojia tiba Dar es Salaam, kwa ushirikiano na walimu wa kujitolea wa mpango uitwao Road2IR uliotokana na Chuo Kikuu cha Yale. Walimu walikuja kwa zamu kufundisha madaktari wa hapahapa badala ya kuja kutibu na kuondoka. Uamuzi huo ulikuwa na akili kuliko misaada mingi ya mashine, maana mtu anayebaki ndiye anayeweza kumwita mgonjwa kwa picha ya pili.

“Mmeongea sana,” anasema dada. “Mdogo wangu?”

Mpasuaji anamwachia mwanafunzi wake, na mwanafunzi, kwa mara ya kwanza, hatetei waya. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2012 ulifuatilia aneurisimu 6,697 zisizopasuka. Zenye milimita 5 hadi 6 zilipasuka kwa kiwango cha asilimia 0.5 kwa mwaka. Zenye milimita 10 na kuendelea, zaidi ya asilimia 4. Kuna umbo na mahali vinavyobadilisha hesabu, na ndugu wawili wenye ugonjwa huo katika ukoo huibadilisha pia. Ya mdogo wake ni laini, iko mahali pa kawaida, na hakuna mwingine katika ukoo.

“Aache sigara. Anywe dawa za presha hata siku anayojisikia mzima. Arudi baada ya mwaka tupige picha. Ikiwa imekua, tutakaa tena sisi watatu.”

“Bila kufanya chochote?”

“Dada, hayo ndiyo matibabu,” anasema mpasuaji. “Kuliko yote, ndiyo magumu kumshawishi mtu.”

Uamuzi wa mjadala huu basi ni huu: iliyopasuka, na inayofikika, ipewe waya kwanza mahali penye mpasuaji jirani na uhakika wa kurudi, fundo lisilovuja liachwe mpaka anayetaka kuligusa aeleze, ndogo isiyopasuka ingojewe kwa presha iliyodhibitiwa. Nawe msomaji, siku daktari akikupa chaguo la tundu dogo, muulize picha inayofuata ni lini, itapigwa wapi na nani ataigharimia. Na maumivu ya kichwa yakimlipukia mtu ghafla kuliko yote aliyowahi kuyapata, asinyweshwe panado na kulazwa asubiri kukuche. Apelekwe hospitali usiku huohuo.